Watoto wanne wenye ulemavu katika darasa la watoto 87: nifanyeje washiriki somo?

Swali

Shikamoo mwalimu. Nafundisha Darasa la Kwanza katika shule ya msingi ya kijijini, mkoani Morogoro. Darasa langu lina watoto 87, na wanne kati yao wana ulemavu. Wa kwanza, mvulana, hasikii vizuri na masikio yake hutoa usaha. Wa pili ni msichana mwenye ualbino. Wa tatu, mvulana, haongei, anapenda kuzungusha vitu, na tukianza kuimba huziba masikio na kukimbilia nje. Nimeambiwa huenda ana usonji. Wa nne, msichana, ana mtindio wa ubongo, anatembea kwa shida na mkono wake wa kulia hauna nguvu. Kipindi kikianza, haupiti muda wote wanne wameshaachana na somo: mmoja amelala, mwingine anachungulia nje, mwingine hayumo darasani kabisa. Sikusomea elimu maalumu. Nifanyeje washiriki bila kuwaacha hao wengine 83? Au wapelekwe shule maalumu?

Jibu

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kilichonipa moyo katika ujumbe wako ni kwamba umeeleza kila mtoto anafanya nini pale somo linapomshinda. Wengi huniandikia "nina walemavu wawili, hawaelewi", basi, na mtu hajui aanzie wapi kuwajibu.

Umesema hukusomea elimu maalumu. Waliopitia Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kule Arusha, ni wachache mno ukilinganisha na shule tulizonazo, na wengi wamepangwa kwenye shule zenye vitengo vya elimu maalumu. Watoto kama hawa wa kwako wako mikononi mwa walimu wa kawaida, kwa hiyo nitakueleza yale ambayo mwalimu mmoja, peke yake mbele ya watoto 87, anaweza kuyafanya kweli. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 45. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa ya chini yamefurika, na mzigo huo hukuuleta wewe.

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Chukua daftari dogo, kila siku chagua mtoto mmoja kati ya hao wanne na kipindi kimoja tu. Mtupie jicho huku ukiendelea kufundisha. Ukiona ameachana na somo, andika saa, na uandike wewe ulikuwa unafanya nini dakika ileile. "Saa 2:40, naandika ubaoni, nimewapa mgongo." "Saa 2:50, darasa zima linaitikia." "Saa 3:05, wananakili." Ijumaa ukilifungua daftari utaona kila mtoto ana mahali pake pa kudondokea, na mara nyingi ni palepale kila siku. Mtoto wa miaka sita au saba haamki asubuhi akaamua kulichukia somo. Somo linafika mahali linapita bila kumgusa, naye anatafuta la kufanya. Ukishapajua mahali hapo, nusu ya kazi umeimaliza, kwa sababu utabadilisha kipande hicho tu na hutahitaji kubadilisha somo zima.

Nina hakika kimoja utakachokikuta kwenye daftari lako ni kuitikia kwa pamoja. Sisi walimu wa madarasa ya chini tunaipenda sana njia hii. "Ma!" "Maaa!" Sauti inajaa, tunaridhika kwamba wote wamo. Sasa wafikirie wako wanne. Asiyesikia vizuri anatazama midomo ya jirani na kuufungua wake akiwa amechelewa kidogo. Ukimtazama haraka utaapa anaitikia. Mwenye ualbino anaitikia vizuri kabisa bila kuiona herufi uliyoandika, na anaweza kufika Darasa la Pili anaujua wimbo wa silabi asiijue silabi hata moja. Mwenye mtindio wa ubongo, ulimi wake ukiwa mzito, anabaki nyuma ya wenzake kila mara mpaka anaacha. Na huyo wa tatu, kelele za watoto 87 chini ya paa la bati zinamuumiza kwelikweli. Anavyoziba masikio anakuambia hivyo kwa njia pekee aliyonayo.

Sikuambii uache kuitikia, wenzao wanaihitaji. Ninachokuomba ni isizidi dakika mbili tatu kwa mkupuo, na kila ikimalizika kifuate kitu ambacho kila mtoto anakifanya kwa mkono wake, ukakiona: anyanyue kadi, aweke kifuniko, aguse herufi. Humo ndimo utajua nani yumo na nani hayumo. Na nikuambie, hutawagundua hao wanne peke yao. Kwenye 83 waliobaki kuna wengi waliojificha ndani ya kelele.

Tuchukue kipindi kimoja tukione chote. Silabi za M, dakika 30 kama ratiba inavyosema. Siku mbili kabla, waambie watoto walete vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, ndoo itajaa. Andika kwa maka peni nyeusi, kila kifuniko silabi moja, maandishi makubwa: ma, me, mi, mo, mu. Geuza madawati yatazamane, uwagawe sita sita, kila kundi na seti yake kwenye mfuko. Utapata makundi 14 au 15. Kelele zitakuwepo siku mbili za mwanzo, kisha watazoea.

Anza na vitu halisi: kikombe cha maji, muhogo, kipande cha muwa, na meza yako iko hapohapo. Nyanyua muhogo, wautaje, uzunguke mikononi mwao. Kwa wale 83 hiyo ni njia ya kuchangamsha darasa tu. Kwa hao wanne ndiyo njia ya kuingia kwenye somo lenyewe, maana kila mmoja ameupata muhogo kwa mlango alionao: kwa jicho, kwa vidole, kwa sikio au kwa harufu.

Halafu sema neno moja, polepole, mara mbili, ukiwa umewatazama: "me-za". Kundi litafute kifuniko, mmoja akinyanyue. Hakuna kupiga kelele "mimi mwalimu, mimi!", anayenyanyua ndiye aliyejibu. Zamu izunguke ndani ya kundi ili asinyanyue yuleyule mjanja kila neno.

Sasa watazame wako. Mvulana wa masikio yuko kundi la mbele, anaiona midomo yako na ameuona muhogo. Hajapitwa na kitu. Msichana mwenye ualbino ana seti yake mwenyewe, anainua kifuniko hadi karibu na jicho, anakisoma. Yule asiyeongea ndiye mgawaji wa mifuko: anapita kundi kwa kundi, anaweka mmoja mmoja, na mwishoni anaikusanya. Wa nne anasukuma kifuniko kwa mkono wa kushoto. Penseli hajashika, lakini umeshajua kwamba "me" na "mi" anazitofautisha. Hukuwa unalijua hilo kwa sababu ulikuwa unampima kwa mwandiko.

Zikibaki dakika kumi, wanaoandika waandike. Huyo wa nne apange vifuniko juu ya dawati, atengeneze "mama", "mimi". Nenda ukaone, umwekee vema kwenye daftari lake na uandike maneno aliyoyapanga. Iwe vema ileile wanayopata wenzake, siyo ya kumbembeleza. Kuna walimu wataona huo ni upendeleo. Waambie hata Baraza la Mitihani linawaongezea muda watahiniwa wenye ulemavu na kuwatolea mitihani ya maandishi yaliyokuzwa na ya nukta nundu. Kama taifa linakubali hivyo siku ya mtihani, hakuna sababu ya kumnyima mtoto wa Darasa la Kwanza siku ya Jumanne.

Nije kwa mmoja mmoja, maana hapo kuna mambo usiyoweza kuyabahatisha.

Huyo wa masikio anahitaji hospitali kabla ya mbinu yoyote ya darasani. Usaha unaotoka siku nenda rudi ni ugonjwa unaotibika, na usipotibiwa unaendelea kula usikivu wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika, na maambukizi ya sikio ni mojawapo. Mzazi aambiwe kwa upole asimtie kitu chochote sikioni, iwe mafuta, maji ya majani au unga wa dawa, na asimchokonoe kwa kijiti. Kofi la sikio pia liachwe kabisa, nyumbani na shuleni; linaweza kupasua ngoma ya sikio. Wapo watoto wanaochapwa kila wiki kwa "ubishi" ilhali hawakusikia walichoambiwa.

Darasani, mchunguze mwenyewe kidogo. Simama nyuma yake, umbali wa mkono, asikuone, utaje kwa sauti ya kawaida majina ya vitu anavyovijua, arudie au aonyeshe. Fanya upande wa kulia, halafu wa kushoto. Hicho siyo kipimo cha daktari, lakini kitakuonyesha sikio lipi ni zima zaidi, na sikio hilo ndilo likae upande wako. Ongea ukiwa umemtazama. Ukigeukia ubao nyamaza, andika, kisha geuka ndipo useme. Usisimame dirishani, mwanga ukiwa mgongoni kwako uso wako unakuwa kivuli na midomo haionekani. Usimpigie kelele pia, sauti ya kukaripia inaupinda mdomo na maneno hayasomeki. Na kabla ya kusema jambo la maana hakikisha amekutazama; mfundishe jirani yake amguse bega.

Kwa msichana mwenye ualbino, kitu cha kwanza ni kuelewa kwamba karibu watoto wote wenye ualbino wana uoni hafifu. Miwani huwasaidia baadhi yao, lakini mara nyingi haimalizi tatizo, kwa hiyo usishangae akivaa miwani na bado haoni ubao. Mkalishe dawati la mbele, mwanga utoke nyuma yake au ubavuni, kamwe usimpige usoni. Kofia avae hata darasani. Mruhusu anyanyuke aufuate ubao wakati wowote bila kuomba ruhusa, akae hata sentimita chache kutoka kwenye herufi. Akilisogeza daftari hadi linagusa pua, mwache. Macho hayaharibiki kwa hilo, ndivyo anavyoona. Ukiona macho yake yanachezacheza, au anainamisha shingo upande mmoja, usimkaripie akae sawa, anatafuta pembe ambayo picha inatulia.

Kunakili kutoka ubaoni ndiko kutakakokuwa kumemchosha, nina hakika utalikuta hilo kwenye daftari lako. Anatazama, anasahau, anarudi kutazama, wenzake wamefuta, anainama analala. Muandikie mistari yake mitano kwenye karatasi kwa maka peni, jana yake jioni, uiweke dawatini kwake. Taasisi ya Elimu Tanzania huchapa vitabu vya kiada vya maandishi yaliyokuzwa; mwombe mwalimu mkuu aandike barua halmashauri kuviomba, akitaja darasa na idadi. Na mstarini asubuhi asisimame juani. Ngozi iliyoungua inauma mchana kutwa, na mtoto anayeumwa ngozi hana nafasi ya silabi. Mafuta ya kukinga jua yanatengenezwa hapahapa nchini, kule hospitali ya KCMC, Moshi, na kugawiwa watu wenye ualbino. Muulize mganga mkuu wa wilaya, daktari wa serikali, yanapatikana wapi karibu nanyi.

Sasa huyo wa tatu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiye anayewatisha walimu wengi kuliko wote. Kama ni usonji au la, ataamua mtaalamu. Usimwandike jina hilo kwenye daftari la mahudhurio. Lakini unavyomweleza, yapo mambo yatakayomsaidia vyovyote iwavyo.

La kwanza ajue kinachofuata. Watoto wa namna hii husumbuka sana na mambo yanayowajia ghafla. Kata kadi za boksi, chora picha: herufi, vifuniko, kuimba, uji, kucheza. Zipange kwa mpangilio wa siku kwenye kamba na vibanio vya nguo, pembeni ya dawati lake. Kitu kikiisha, anaitoa kadi yake mwenyewe na kuitia kwenye kopo. Mpe wiki mbili tatu kabla ya kusema haifanyi kazi, siku za kwanza atazitafuna au azichane, utachora nyingine.

La pili, kuimba. Usimlazimishe abaki, wala usimwache akimbie anakotaka. Dakika mbili kabla ya wimbo mwonyeshe kadi ya kuimba, umpeleke mlangoni au nje mahali mlipopachagua, penye kivuli unapopaona ukiwa darasani, pasipo kisima wala barabara karibu. Wimbo ukiisha, mwenzake mmoja anamwendea na kadi ya vifuniko. Ukifanya hivyo kila siku, anayekimbia atakuwa anatoka na kurudi, na kurudi ndiko unakokutaka. Wengine, wakishajua mlango uko wazi, huanza kubaki ndani wenyewe, kwenye kona, wakisikiliza wimbo kwa mbali. Mlinzi na mpishi wa uji wajue pia kuhusu mtoto huyu, ili akipita asije akafika barabarani.

La tatu ni hilo la kuzungusha vitu, ambalo wengi huligombeza. Mimi naliona kama zawadi kwa mwalimu, kwa sababu mtoto ameshakuambia anachokipenda. Vifuniko vinazunguka vizuri sana juu ya dawati. Apange vitatu kama ulivyomwonyesha, kisha azungushe kimoja kwa muda mfupi, mrudi kazini. Kesho vinne. Sentensi zako kwake ziwe fupi: "Chukua ma." "Weka hapa." Usimshike kidevu akutazame machoni, anaweza kukusikiliza huku akitazama dirisha, na kwa wengi wao kutazamana macho ni kazi nyingine juu ya ile uliyompa. Mpe kadi tatu za kuongelea, ya maji, ya choo na ya "imetosha". Siku atakayoinyanyua hiyo ya "imetosha" badala ya kukimbia, mheshimu, mpumzishe palepale. Usipomheshimu siku hiyo, atarudi kukimbia, na atakuwa na haki.

Mama yake muite, lakini asiitwe kusikiliza mashtaka. Muulize nyumbani anapenda nini, anaogopa nini, akitaka maji anaonyeshaje. Atakuambia kwa nusu saa mambo ambayo wewe ungeyatafuta muhula mzima.

Wa nne: akili yake inaweza kuwa nzima kabisa, mwili ndio unaochelewa kutii. Watu wanapenda kumhukumu mtoto kwa mate na kwa mwendo. Anza na anavyokaa. Kama miguu yake inaning'inia, nguvu zake zote zinaishia kwenye kujizuia asianguke, na hazibaki za kufikiri. Weka tofali au boksi gumu chini ya miguu, khanga iliyokunjwa ubavuni kumuegemeza, dawati liwe usawa wa viwiko. Daftari libandike kwa selotepu lisiteleze. Penseli izungushie kipande cha tyubu ya baiskeli iwe nene. Ukimuuliza swali, subiri. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumpa mwingine; darasa litajifunza kusubiri pia. Kama hawezi kusema, muulize kwa namna ya kuchagua, weka vifuniko viwili mbele yake, aguse au atazame kilicho sahihi.

Halafu angalia kama anakunywa maji na uji. Nimekutana na watoto wenye ulemavu wa viungo wanaokaa tangu asubuhi bila kutia kitu kinywani kwa sababu choo kina ngazi, au hakina pa kushika, au wamewahi kuanguka humo wenzao wakacheka. Saa nne wanasinzia, mwalimu anaandika "hana bidii". Fundi wa kijiji anaweza kufunga mti wa kushikia ukutani na kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kwa gharama ambayo kamati ya shule inaimudu. Ungeniambia nichague kati ya choo hicho na seti ya vitabu vipya, ningechukua choo.

Jambo jingine linalomhusu: watoto wengi wenye mtindio wa ubongo huwa na kifafa pia, na siyo kila kifafa ni cha kuanguka. Ukimwona anaduwaa kwa sekunde chache, kope zinapepesa, haitikii hata ukimgusa, halafu anaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu, andika saa na umweleze mzazi aende kliniki. Kama tayari anatumia dawa, baadhi ya dawa za kifafa zinaleta usingizi. Daktari anaweza kubadilisha kipimo au saa ya kunywa, lakini mzazi asiziache mwenyewe.

Kuhusu wenzao. Usiwaweke wote wanne dawati moja mbele, hata kama ni rahisi kwako; litaitwa dawati la walemavu kabla ya wiki kuisha. Kila mmoja awe kwenye kundi la watoto wasio na ulemavu, na awe na rafiki wa wiki. Nasema wa wiki kwa makusudi. Tabia yetu ni kumchukua msichana mmoja mpole, mwenye akili, na kumfanya mtumishi wa mwenzake mwaka mzima. Anachoka, anaporomoka masomo, na yule mwingine anajifunza kusubiri kufanyiwa. Rafiki abadilike kila Jumatatu, wavulana nao wamo, na kazi yake iwe kuonyesha na kusubiri, siyo kufanya badala yake. Majina ya kejeli uyakatae siku ya kwanza, mbele ya wote, kwa uso wa kumaanisha. Watoto wa miaka saba wanafuata wanachoona mwalimu wao anakithamini.

Umeuliza kuhusu shule maalumu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma shule ya kawaida pamoja na wenzake. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia hapo si mahali pao. Lakini sheria haimfundishi mtoto kusoma, nami nitakupa maoni yangu kwa kila mmoja.

Msichana mwenye ualbino abaki kwako. Uoni hafifu wa namna hiyo shule ya kawaida inauweza kabisa. Wapo watoto wenye ualbino waliopelekwa kuishi vituoni, kama Buhangija kule Shinyanga, kwa sababu ya usalama wa maisha yao wakati wa mauaji. Ikiwa kwenu hakuna tishio hilo, kumtenganisha na mama yake akiwa na miaka saba kwa sababu ya ubao tu siwezi kukubali. Mwenye mtindio wa ubongo naye abaki, ilimradi choo kirekebishwe na njia ya kufika shuleni iwezekane. Huyo asiyeongea apelekwe kwanza kwenye upimaji. Mwombe mwalimu mkuu awasiliane na afisa elimu maalumu wa halmashauri, na ikiwa kuna kitengo chenye mwalimu aliyesomea katika umbali ambao atalala nyumbani, akatazamwe huko. Kama kitengo kiko mbali na ni bweni, mimi ningebaki naye mwaka mmoja wa kadi na vifuniko, kisha tuone.

Mvulana wa masikio ndiye ninayesita kumsemea, maana inategemea daktari atasema nini. Ikiwa usikivu umepungua tu, atasoma kwako, kwa kukaa mbele na pengine kwa shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni. Ikiwa umepotea kwa kiasi kikubwa, basi kumwacha katika darasa la watu 87 ambamo hakuna anayejua lugha ya alama ni kumnyima lugha katika miaka ambayo ubongo wake unaitafuta. Mtoto kiziwi anahitaji viziwi wenzake na walimu wanaoongea kwa mikono, kama anavyoweza kuwapata katika shule za viziwi mfano wa Buguruni, Dar es Salaam. Hapo nitakuwa wa kwanza kukuambia aende, hata kama ni mbali, na familia nayo ijifunze alama ili likizo asirudi kwenye nyumba asiyoweza kuongea nayo.

Kwa hiyo mzazi wake aje shuleni wiki hii, mwalimu mkuu amwandikie barua ya kwenda kituo cha afya, na muombe apewe rufaa ya kupimwa usikivu baada ya usaha kukauka. Ukishapata majibu niandikie, uniambie na daftari lako limekuonyesha nini kuhusu wale watatu.